Inakutaka uache nini?

Katika kuandaa toleo hili tuligombana mara moja tu, lakini tuligombana kwelikweli. Mezani palikuwa na makala mbili. Moja ni ya vijana wa Dar es Salaam wanaoamka Jumapili alfajiri kuendesha baiskeli kabla daladala hazijaijaza barabara. Ya pili ni ya mama mmoja wa Tanga anayetibu kwa viganja, bila kumgusa mgonjwa, kwa kitu anachokiita nguvu. Mwenzetu wa dawati la afya, ambaye kitaaluma ni muuguzi, alisema ukiziweka hizi mbili ndani ya jalada moja umefunga punda na ng'ombe kwenye mkokoteni mmoja: hakuna atakayefika.

Nimeziweka zote mbili. Sikufanya hivyo kwa ile huruma ya siku hizi ya kusema kila mtu na njia yake. Njia nyingine hupoteza watu. Ila kipimo tulichozoea, kwamba hiki ni cha kisasa na hiki ni cha kienyeji, naona hakipimi kitu. Reiki, ambayo wengi huitaja wakisema tiba ya nguvu, si ya mababu wa mtu yeyote hapa. Ilianzishwa Japani mwaka 1922 na Mikao Usui. Baiskeli nayo tumeizoea kiasi kwamba bodaboda yenyewe, kabla haijapata injini, ilikuwa baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia. Ya kienyeji ni ipi hapo? Mimi nina swali jingine ninalomuuliza kila anayeniletea njia ya afya: hii inanitaka niache nini?

Tuanze na Kigali. Tangu Mei 2016 jiji hilo hufunga baadhi ya barabara zake kuu Jumapili asubuhi, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Kwa saa chache lami inakuwa ya raba na baiskeli, na pembeni wahudumu wa afya hupima watu presha na sukari bila malipo. Hapo anayetafuta afya haambiwi aache chochote. Anayeacha ni mwenye gari, naye anaacha saa chache tu. Sisi tumezoea kinyume: ukinenepa unaambiwa wewe uache ugali, uache soda, uache uvivu, lakini barabara iliyokukosesha pa kutembea haiambiwi kitu. Bogotá, Colombia, walianza jambo hili mwaka 1974. Kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara hukaa bila magari. Aliyefundishwa kupanda baiskeli pale akiwa mtoto, leo anaweza kuwa anamshikia mjukuu wake kiti asianguke.

Dar es Salaam njia ya baiskeli tunayo. Ilijengwa pamoja na mwendokasi, pembeni ya Barabara ya Morogoro, na mabasi yale yalianza kazi 2016. Jaribu kuipita saa kumi na moja jioni. Utapishana na bodaboda wanaokwepa foleni, meza za machinga, gari lililoegeshwa “dakika mbili tu”, na ukimpigia kengele muuza maembe atakushangaa wewe. Simlaumu, riziki yake iko hapo. Ndiyo maana vijana wa makala yetu huendesha alfajiri, na vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala hukimbia kwa makundi, wakiimba, wamejaza njia: wingi wao ndio uzio wao. Bujumbura nako, Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli na pikipiki katikati ya jiji. Wakaambiwa waache wale wanyonga pedali waliokuwa wakifanya mazoezi kutushinda sisi sote bila kuyaita mazoezi.

Sasa viganja. Hakuna chombo kilichowahi kuipima nguvu hiyo, nami sitajifanya nimeiona. Lakini kuna utafiti wa Marekani wa 2011 ninaoupenda kwa ukorofi wake. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitundikiwa dawa waligawanywa makundi: wengine walipewa mtaalamu wa reiki, wengine mtu aliyeigiza mikono tu, wengine huduma ya kawaida. Waliopata mtaalamu na waliopata mwigizaji wote walijisikia nafuu kuliko wale wa huduma ya kawaida. Anayeibeza reiki husoma hapo kwamba yote ni maigizo. Mimi nasoma kwamba kuna mtu aliwatulia, asiwe na haraka nao. Ni lini mara ya mwisho umetuliwa hivyo kwenye kliniki yenu? Na wagonjwa wale hawakuacha dawa. Dripu ilikuwa mkononi.

Mwaka huohuo sisi tulikuwa Loliondo. Kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila wa kijiji cha Samunge, kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita, na wapo waliofia njiani wakingoja. Shilingi 500 si fedha ya kumfilisi mtu. Walioumia zaidi ni wale waliorudi nyumbani wakaweka kando dawa za kufubaza virusi, za kisukari, za presha. Shangazi yangu hakufika huko. Yeye alipata mganga wake karibu na nyumbani, miaka kadhaa baadaye. Alirudi mchangamfu, akapika, akacheza harusini, na vidonge vyake akampa jirani. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mwezi wa tatu alianguka jikoni, na mkono wake wa kulia haujarudi hadi leo. Bado anamsifu yule mganga, nami simbishii, maana kweli alimsikiliza kuliko sisi wanawe.

Kwa sababu ya mkono huo nilipanda basi kwenda Tanga mwenyewe kabla ya kuamua. Nilikaa barazani kwa yule mama tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Kabla hajanyoosha viganja humuuliza kila anayeingia, “Dawa za hospitali umekunywa leo, mwanangu?” Wawili walisema hapana. Mmoja alirudishwa kwao akazifuate; mwingine alikuwa nazo mkobani, akaletewa maji palepale, na mama akasimama kumwangalia mpaka amemeza. Makala yake iko katikati ya toleo. Muuguzi wetu ameisoma tena akaridhia, kwa sharti moja, kwamba bei anayotoza ichapwe. Imechapwa.