Mbio za Hisani Zifike Hadi Nyumbani kwa Mgonjwa

MBIO za hisani zimekuwa jambo la kawaida katika miji ya Tanzania. Watumishi wa serikali, walimu, wanafunzi na wafanyabiashara hujipanga alfajiri wakiwa wamevaa fulana za rangi moja, hukimbia kilomita 5, 10 au 21, na jua linapoanza kuwa kali hurejea makwao na medali shingoni. Ni jambo jema, na wanaojitokeza wanastahili pongezi. Hata hivyo, yafaa kuuliza ni kitu gani hubaki baada ya fulana hizo kufuliwa, hasa pale mbio zinapotangazwa kuwa za kuzisaidia familia zenye wagonjwa wa maradhi adimu.

Umoja wa Ulaya huuhesabu ugonjwa kuwa adimu iwapo hauwapati zaidi ya watu 5 katika kila watu 10,000. Ukitazamwa peke yake, kila ugonjwa wa namna hiyo huonekana kuwa mdogo. Lakini maradhi adimu yaliyokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 6,000, na watu wanaoishi nayo duniani hukadiriwa kuwa milioni 300. Mengi hutokana na hitilafu katika vinasaba, na mengi huanza utotoni. Kwa sababu hiyo mzigo humwangukia mzazi, na mara nyingi mzazi huyo ni mama.

Mfano mmoja watosha. Upo ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli uitwao Duchenne, ambao huwapata zaidi watoto wa kiume. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Afikapo umri wa miaka mitatu hadi mitano huanza kuanguka mara kwa mara, hushindwa kupanda ngazi, na akitaka kuinuka kutoka sakafuni huyakandamiza mapaja yake kwa mikono kana kwamba anajipanda mwenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuiona dalili hiyo kabla ya daktari yeyote. Asipoijua, mtoto ataitwa mvivu na pengine kuadhibiwa kwa kuchelewa mstarini. Aghalabu kabla au karibu na kuingia kidato cha kwanza, mtoto huyo huhitaji kiti cha magurudumu.

Nyumbani hali huwa nzito zaidi. Kwa kuwa kinasaba chenye hitilafu mara nyingi hutoka upande wa mama, wapo wanaomgeuza mama kuwa mkosaji, ilhali hakuna mtu aliyewahi kujichagulia vinasaba vyake. Tena watoto wapatao theluthi moja huupata ugonjwa huo bila ya mama kuubeba. Wengine husema mtoto amerogwa, na fedha za nauli ya kwenda hospitali ya rufaa huishia kwa mganga. Mama aliyeajiriwa huomba ruhusa leo, huomba tena juma lijalo, mpaka mkuu wake wa kazi anakunja uso. Wakuu wa ofisi na wa shule wasomao maneno haya wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wanavyopenda kukiri.

Basi familia kama hiyo inahitaji nini? Inahitaji nauli, mahali pa kulala karibu na hospitali, kiti cha magurudumu kinachomfaa mtoto na kinachoweza kupita katika barabara ya vumbi, mazoezi ya viungo, na mtu wa kumwangalia mtoto ili mama aende kazini. Mahitaji hayo ni ya miaka, wala hayaishi siku ya mbio.

Historia ina fundisho hapa. Mwaka 1977 kijana wa Canada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa, ambayo nayo ni adimu. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kuikimbia nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipofika mapafuni na kumlazimisha kusimama. Alifariki Juni 1981 akiwa na umri wa miaka 22. Mbio za kumkumbuka zilianza Septemba mwaka huohuo, nazo hazina mshindi wala kiingilio. Yeye mwenyewe alikataa kuvaa matangazo ya makampuni. Kila aliyetoa dola yake alijua inakwenda wapi.

Si lazima waandaaji wa Tanzania wakatae wafadhili. Uwanja, maji, gari la wagonjwa na askari wa barabarani vina gharama zake. Lakini mkimbiaji akilipa Sh. 35,000, na Sh. 28,000 zikaliwa na fulana, medali, jukwaa na muziki, basi aliyesaidiwa ni mwenye duka la fulana. Hapana budi utaratibu ugeuzwe. Kwanza zijulikane familia, kwa msaada wa madaktari, maofisa ustawi wa jamii na walimu, tena kwa siri inayostahili. Kisha mahitaji yao yapigiwe hesabu ya mwaka mzima. Tarehe ya mbio iwe ya mwisho kupangwa. Wazazi wenyewe wawemo katika kamati, wala wasiitwe siku ya kilele tu kusimama jukwaani na watoto wao mbele ya kamera. Na njia ya mbio iwe na nafasi ya viti vya magurudumu.

Wala mbio zisiwe kisingizio cha kuipunguzia serikali wajibu wake. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Maradhi adimu, ambayo matibabu yake ni ghali na wagonjwa wake ni wachache, ndiyo yaliyo rahisi kusahauliwa katika orodha ya huduma, na watumishi wanaoshughulikia orodha hizo ni miongoni mwa wanaokimbia alfajiri.

Kwa upande wa waandaaji, lipo jambo lisilohitaji kusubiri sheria yoyote. Siku 30 baada ya mbio, hesabu zibandikwe hadharani: fedha zilizoingia, zilizotumika, na zilizozifikia familia. Kamati isiyoweza kufanya hivyo isipewe kibali cha mwaka unaofuata.