Gari Linapogonga kwa Mbele

Kila mwaka, karibu na tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kristofa msimamizi wa wasafiri, waamini wa nchi nyingi huleta magari yao yabarikiwe na padri. Ni desturi njema, nasi twaipenda. Lakini baraka haimwondolei mwenye gari wajibu wake, kama vile sala isivyomwondolea mkulima jembe mkononi. Kwa hiyo leo twapenda kueleza habari za kiungo kimoja kidogo cha gari ambacho, kikichakaa na kudharauliwa, chaweza kuua watu.

Kiungo hicho huitwa rotuli, kwa neno tulilolipata katika Kifaransa. Mafundi wa Kenya na Tanzania husema boli jointi. Mwanafunzi aliyesoma habari za mwili atakielewa upesi. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Ndiyo sababu mguu hugeuka pande zote bila kung'oka. Rotuli ni vivyo hivyo: tufe la chuma ndani ya kikombe chake. Huunganisha mkono wa chuma uliofungwa chini ya gari na kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele. Kwa msaada wake gurudumu hupanda na kushuka penye mashimo, na papo hapo hugeuka kuufuata usukani. Ndani mna grisi, na nje imevikwa kifuko cha mpira.

Ubaya huanzia katika kifuko hicho. Kikipasuka, vumbi jekundu la kiangazi huingia, kisha maji ya masika huiosha grisi. Hapo vumbi husaga chuma kama jiwe lisagavyo mtama. Barabara zetu nazo hazina huruma. Atokaye Bunia kwenda Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, huteremka zaidi ya mita 600. Rotuli ikichomoka katika mteremko kama huo, gurudumu hulala ubavu, gari huanguka upande mmoja, na dereva huushika usukani usiotii tena.

Namshukuru Mungu, mara nyingi rotuli huonya kwanza. Gari hugonga kwa mbele likipita shimoni. Usukani huyumba katika njia iliyonyoka. Tairi huliwa ukingo mmoja kabla ya mwingine. Mwenye kusikia na kuona dalili hizi asingoje.

Fundi mwaminifu hupima hivi. Huegesha gari mahali tambarare, huzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, huinua upande wa mbele kwa jeki, tena huweka nguzo imara, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Kama springi imekalia mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, karibu na gurudumu; springi ikiachwa inasukuma, rotuli mbovu itajifanya nzima. Kisha hushika tairi juu na chini, akalitikisa, au huliinua kidogo kwa mtaimbo, huku mwenzake akiangalia kiungo. Likicheza, mtu mmoja akanyage breki. Mchezo ukikoma, ubovu huenda umo katika beringi ya gurudumu. Ukiendelea, yashukiwa rotuli. Likicheza likishikwa kushoto na kulia, zichunguzwe pia fimbo za usukani, maana nazo zina rotuli zake ndogo. Kitabu cha gari hueleza mchezo unaoruhusiwa. Kwa magari mengine hauruhusiwi hata kidogo.

Ikionekana mbovu, dawa ni kuibadilisha. Gurudumu huvuliwa, pini inayozuia nati hutolewa, nati hulegezwa, na rotuli huchomolewa kwa chombo chake maalumu, wala si kwa kupigwa nyundo kichwani mwa skurubu. Katika magari mengine hutoka peke yake. Katika mengine hubadilishwa pamoja na mkono mzima. Nati mpya ikazwe kwa kiasi kilichoandikwa. Tundu la pini lisipolingana, nati ikazwe kidogo zaidi, isilegezwe kamwe. Na pini iwe mpya. Mwisho, magurudumu yapimwe mwelekeo wake, la sivyo tairi zitaliwa tena.

Wako watu wanaotafuta njia fupi. Hukandika grisi juu ya kifuko kilichopasuka, au husokomeza kipande cha mpira mahali panapogonga, na kelele hupungua. Hawakuponya kitu, wamemnyamazisha mlinzi aliyekuwa akipiga kelele mlangoni. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Hapa tende itaota katika miguu ya watu wengine, abiria waliolipa nauli yao kwa amani.

Jambo hili lahusu amri ya tano ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yafundisha kwamba ahatarishaye usalama wa watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio ana hatia kubwa. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa maagizo kwa madereva, nayo yaliianza orodha yake kwa amri ileile: usiue. Twauliza basi: yule aliyesikia gari likigonga juma zima, akalijaza watu, je, yeye hana sehemu katika hatia hiyo?

Huenda msomaji atasema kwamba yeye hana gari. Lakini hupanda. Akisikia mgongo huo chini ya miguu yake, na amwulize dereva kwa adabu: "Ndugu, gari hili lilipimwa lini kwa mbele?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na dereva mwema hatalichukia. Na baba mwenye gari aziweke akiba fedha za rotuli kabla ya fedha za rangi mpya.