Kabla ya Moto wa Eliya

Na Ruth Makokha

Ijumaa usiku Kawangware 56, hapa Nairobi, haina kimya. Spika za makanisa ya mabati zinapambana na honi za matatu na makelele ya wachuuzi wanaomalizia sukuma wiki kwa bei ya kutupa. Keshani waumini wanakemea mapepo, wanavunja laana, wanadai ushindi kwa jina la Yesu mpaka sauti zinakauka. Siwabezi. Mama aliyeshinda akibisha mageti ya matajiri wa Lavington akitafuta nguo za kufua, akarudi mikono mitupu, ana haki ya kumlilia Mungu wake kwa sauti yoyote aitakayo. Nimewaona watu wakiingia kesha wamevunjika moyo na kutoka alfajiri wakiwa tayari kujaribu tena. Tumaini hilo ni la kweli.

Lakini kesha zetu zina mlima mmoja zinaoupenda kuliko yote, nao ni Karmeli. Eliya anaomba, moto unashuka, manabii wa Baali wanaaibika, na kanisa zima linasimama kwa vigelegele. Sura hiyo, 1 Wafalme 18, haianzii mlimani. Mwanzoni kuna njaa, na kuna Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu. Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii wa Bwana, Obadia aliwachukua 100, akawaficha mapangoni hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Alifanya hivyo wakati wa ukame uliomfanya mfalme mwenyewe atoke kuwatafutia farasi wake majani. Alipokutana na Eliya njiani hakujifanya shujaa. Alisema waziwazi kwamba anamhofu Ahabu, kwamba atauawa. Hakuita moto wowote. Aliogopa, na bado hakuwatoa watu wake.

Namtaja Obadia kwa sababu ya Ijumaa nyingine. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya marudio ya uchaguzi wa urais yaliyofanywa kwa sababu Mahakama ya Juu ilifuta ule wa Agosti, Kawangware 56 iliwaka. Majirani waliokopeshana chumvi kwa miaka wakagawanyika, Waluhya huku, Wakikuyu kule. Nyumba na maduka yalichomwa, watu wakauawa. Kibera walikuwa wameshayaonja hayo karibu miaka 10 kabla, soko la Toi lilipoteketea na reli ikang'olewa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Tutazame ploti ya kawaida ya mtaa huu. Vyumba vya mabati vimetazamana, mfereji ni mmoja, choo ni kimoja chenye kufuli, na ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ambao kila mpangaji anaujua. Humo watu wanajuana. Nani kwao ni Vihiga na nani kwao ni Murang'a, nani ana mtoto mchanga, nani amesafiri, hakuna siri. Kijana anayekuja na panga kutoka nje hayajui hayo. Mbele yake milango yote ni mabati yaleyale, na hawezi kujua mlango wa "adui" ni upi mpaka aambiwe. Uovu wa kikabila, pamoja na pesa zote za wanaoufadhili, hauingii ploti bila mwenyeji wa kunyoosha kidole.

Basi vita vya kiroho vya Kawangware ninavyovijua mimi vinapiganwa pale mlangoni. Anayeulizwa, "Wale wanakaa wapi?" akasema hajui, akawaingiza watoto wa jirani chini ya kitanda chake, ameushinda uovu kwa namna ambayo spika haiwezi. Nguvu hiyo haitoi kwenye ahadi kwamba hatapatwa na lolote. Anaweza kupatwa. Anaitoa katika kuamini kwamba Kristo alifufuka, kwamba mwenye panga anaweza kuutoa uhai wake lakini hana neno la mwisho juu yake. Kwangu mimi hilo ndilo tumaini la Kikristo, na mtu analihitaji zaidi saa ile magoti yanapogongana.

Kanisa limewahi kushindwa mtihani huu. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa, ndiyo maana hawakuweza kusimama katikati. Ulikuwa ujasiri kukiri hivyo. Lakini ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100. Siku zizo hizo, huko Kibera, msanii Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, alikuwa akizunguka na brashi na rangi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na vibanda, huku moshi bado unafuka.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Sitaki wachungaji wa Kawangware wangoje wiki ya kura ndipo waitishe maombi ya amani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliukataa mchango uliotolewa kanisani na Rais; makanisa ya mabati nayo yaweza kumnyima mwanasiasa maikrofoni, hata kama paa linavuja na bahasha yake ni nono. Vikundi vya maombi vinavyokutana kwa lugha ya mama vichanganywe ploti kwa ploti, mwenyeji akiwa Otieno wiki hii na Wambui wiki ijayo. Vijana wa sifa na kuabudu waulizwe ana kwa ana, leo, watajibu nini wakiulizwa mlango wa jirani.

Na mchungaji anayeandaa kesha ya Ijumaa hii, habari za Obadia ziko mstari wa 3 hadi wa 16. Tafadhali zihubiri usiku mzima, Karmeli ingoje wiki ijayo.