Kuzima na Kuwasha Seva Si Tiba

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, na duka la jumla limejaa. Wateja wanalipa kwa simu na meseji zinawafikia, lakini skrini ya keshia imeganda. "Sistimu iko chini, ngojeni kidogo." Fundi anapigiwa simu na jibu lake ni lile la wiki jana: zima, uwashe tena. Dakika kumi baadaye kila kitu kinafanya kazi. Usiku, hesabu haziingiani, na wa kwanza kuulizwa ni keshia.

Hapo ndipo sisi tunapigiwa simu: "Pesa zangu ziko wapi?" Pesa zipo. Mteja alilipa na akaunti yako ikapokea. Kilichokosekana ni arifa ya malipo, kwa sababu tulipoituma, seva yako ilikuwa imelala. Maoni yetu ni haya: seva inayoanguka mara kwa mara ina ugonjwa, na kuizima na kuiwasha bila kuuliza chochote ni kuficha ugonjwa huo. Sababu moja ambayo mafundi wengi husahau kuiangalia ni draiva ya kadi ya mtandao.

Siku hizi biashara nyingi zina kompyuta moja kubwa iliyogawanywa kuwa mashine pepe kadhaa: moja ya mauzo, moja ya uhasibu, moja ya kupokea arifa za malipo. Ni kama vyumba vya ploti vinavyotumia mita moja ya stima. Ikiharibika, vyote vinakaa giza. Draiva ni programu inayoiwezesha seva kuzungumza na kadi ya mtandao, na inafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha sistimu. Ikikosea huko, inaweza kuangusha seva nzima pamoja na mashine pepe zote zilizo juu yake. Kwenye VMware ESXi, utaona skrini ya zambarau yenye maandishi.

Mfano unaojulikana ni wa matoleo ya ESXi 5. Mashine pepe nyingi zilikuwa zimewekewa kadi pepe ya E1000, ambayo huiga kadi ya zamani ya Intel. Kulikuwa na kasoro katika namna ilivyopokea data, na seva nzima iliweza kuanguka huku skrini ikionyesha jina E1000PollRxRing. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokosea ni programu. Dawa ilikuwa kuweka toleo lililorekebishwa, ama kuhamia kadi pepe ya VMXNET3 iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe. Aliyekimbilia kununua kadi mpya alitupa pesa zake bure.

Najua utasema: foleni imefika mlangoni, nani ana muda wa uchunguzi? Kweli. Lakini kupiga picha ya ile skrini kwa simu yako ni nusu dakika. Piga, kisha washa seva. Jioni, fundi atoe faili ya kumbukumbu ya ajali kabla haijapotea. Aangalie toleo la draiva na la programu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Kwenye ESXi, amri ya esxcli network nic get -n vmnic0 humwonyesha yote mawili. Ayalinganishe na orodha ya mtengenezaji ya matoleo yanayokubaliana. Halafu abadilishe kitu kimoja tu, usiku duka likiwa limefungwa, akiwa na nakala rudufu. Akibadilisha vitu vitano kwa pamoja, hatajua kilichoponya ni kipi.

Fundi akikwambia "ni mtandao tu," muulize: picha iko wapi? Toleo ni lipi? Umelilinganisha na nini? Asiyeweza kujibu hajachunguza, amebahatisha.

Na seva ikiwa bado chini, usimwambie mteja alipe mara ya pili. Pia usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu yake, maana meseji hughushiwa. Fungua taarifa ya miamala ya till yako mwenyewe, tafuta nambari ya muamala na kiasi, kisha uandike kwenye daftari. Seva ikirudi, linganisha daftari na sistimu, muamala kwa muamala.

Fanya hivyo kabla ya kumnyooshea keshia kidole. Tunasema hivi kwa sababu pengo la elfu nane kwenye hesabu huonekana kama wizi, na mtu anaweza kukatwa mshahara kwa kosa la programu ambayo hata hajui iko. Draiva haina wa kuikasirikia. Keshia yuko mbele yako, na ni rahisi kumlaumu.