Video Ishirini kwa Siku, Msimulizi Hayupo

Mpwa wangu aliniketisha mbele ya kompyuta yake, sebuleni kwa dada yangu Tabata. "Mjomba, tazama hapa, usipepese macho." Kwenye skrini palikuwa na jedwali la safu nne. Katika ya kwanza aliandika mada: Vita vya Maji Maji. Akabonyeza. Safu ya pili ikajijaza hadithi iliyotungwa na akili mnemba. Ya tatu ikaleta sauti ya mwanamke akiisoma. Ya nne ikaleta picha sita zinazosogea taratibu, na maandishi ya njano yakirukaruka chini yake. Chai yangu ilikuwa bado ya moto, na video tayari imepangiwa saa ya kupanda TikTok na YouTube. Hutoa ishirini kwa siku. Nyingi hupanda yeye akiwa usingizini.

Nikamwomba airudishe mwanzo. Sauti ilisema Kinjikitile Ngwale aliongoza wapiganaji wake hadi vita vilipozimwa 1907. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya watu wa Umatumbi kung'oa pamba na kuanzisha vita. Picha nayo ilimshikisha ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe, ngao ya Kizulu, mtu wa Ngarambe! Na pale hadithi iliposema wapiganaji "walijipanga barabara", sauti iliweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ikawa wamejipanga njia ya magari. Nilipomwonyesha hayo yote, kijana aliduwaa. Hakukusudia kumdanganya mtu. Hadithi yenyewe hakuwa ameisoma.

Hilo la kutoisoma ndilo linaloniuma. Mjadala wetu kuhusu video hizi umekwama kwenye ajira: mashine itawanyima kazi wahariri, wapiga picha na wasoma taarifa, au haitawanyima. Ni hoja nzito, lakini kuna iliyotangulia. Neno likishafika masikioni mwa watu elfu hamsini, nani mwenye kauli? Kwa video ile, hapakuwa na hata mmoja. Aliyeipandisha hakuijua, na kilichoitunga hakijui kitu.

Nisieleweke vibaya. Kazi ya video fupi inachosha. Kukata vipande, kupanga sauti, kuandika maneno chini ya picha ili kiziwi naye afuate, hayo humaliza usiku mzima kwa kijana mwenye simu moja na bando la kuungaunga. Mashine ikimpunguzia mzigo huo, mimi nashangilia. Mama anayeuza vitenge hana sababu ya kumlipa mtu amtengenezee tangazo la sekunde thelathini. Na si haba kwamba lugha yetu haikuachwa nyuma kabisa: Microsoft ina sauti za Kiswahili cha Tanzania ilizoziita Rehema na Daudi, na za Kenya, Zuri na Rafiki. Miaka kumi na tano iliyopita ungeniambia hivyo nisingeamini.

Tatizo huanza pale mashine inapokabidhiwa kusema kwa niaba yetu, na fedha ndiyo inayosukuma huko. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo kwa njia ya video fupi, inakutaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na video zako fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishaingia, unapata asilimia 45 ya fungu lililotengewa video zako. Milioni kumi kwa siku tisini! Kijana wa Tabata anayesoma vitabu, akauliza wazee, akarekodi mwenyewe, atatoa video mbili kwa wiki akijitahidi. Hesabu inamwambia waziwazi kwamba uangalifu ni hasara. Mpwa wangu si mvivu. Amepiga hesabu vizuri kuliko wengi wetu.

YouTube wenyewe wameanza kushtuka. Julai 2025 walifafanua upya kanuni yao ili ieleweke kwamba video zinazofyatuliwa kwa wingi kwa kiolezo kimoja hazistahili malipo. TikTok nao wanataka picha na sauti za akili mnemba zenye kufanana na za kweli ziwekewe alama. Ni hatua nzuri, ila alama inamwambia mtazamaji kitu kilitengenezwa kwa kutumia nini. Haimwambii nani aliyekihakiki.

Wapo wanaotaka serikali iingilie kwa leseni. Sikubaliani nao. Tanzania ilijaribu 2018 kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, na waliobanwa wakawa wale wenye majina na anwani, wanablogu waliokuwa wakiandika kwa uso wazi. Anayeendesha chaneli kumi zisizo na jina hatakaa foleni ya leseni.

Tuliwahi kuwa na mfano bora, tena wa mitaani. Katika vibanda umiza, vile vyumba vya kuonyeshea video, kanda za Kihindi na Kichina zilisimuliwa Kiswahili na watu kama marehemu Lufufu. Kenya yuko DJ Afro. Walichomekea maneno ambayo mwigizaji hakuyasema, walimpa jambazi jina la mtaani. Lakini mtu aliyelipa kiingilio alijua ni chumvi ya nani. Mkanda ulitafutwa kwa jina la msimulizi, na akiharibu, alisemwa yeye.

Kuna hatari nyingine ya kimyakimya. Julai 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine zikifundishwa mfululizo kwa maandishi yaliyotungwa na mashine, huharibika, na yaliyo adimu ndiyo hupotea kwanza. Kiingereza kina akiba ya kuhimili. Kiswahili cha mtandaoni ni kichache, na kila siku tunakimwagia hadithi zile zile zenye "katika ulimwengu wa leo" na "safari ya mafanikio". Mashine ya kesho itajifunzia humo. Msemo wa Kimvita, neno la mvuvi wa Mafia, itajifunza wapi?

Kwa hiyo nilimwomba mpwa wangu mambo mawili: asipandishe asichokisoma, na aweke jina lake. Alinuna kidogo. Kisha akafuta ile video, na mwezi uliofuata akaenda Kipatimu kwa bibi yake, ambaye vita vya Maji Maji alisimuliwa na baba yake mzazi.

Alirudi na rekodi ya dakika kumi na moja. Majogoo wanawika ndani yake. Aliipitisha kwenye programu yake ya kuhariri ikapunguza upepo, ikaandika maneno, naye akakaa kuyasahihisha, maana bibi anachanganya Kimatumbi. Halafu programu ikapendekeza kuondoa sehemu zote zenye ukimya, kama inavyofanya kwa kila video, ili mtazamaji asichoke. Bibi, kabla ya kumtaja babu yake aliyekufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, ananyamaza kwa sekunde tisa.

"Mjomba, hapa niache?"

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akakizima kile kitufe.