Mkalimani Asiondolewe Kiwandani

Kuna mwandishi anayedai kwamba viwanda vya Industrial Area jijini Nairobi havihitaji tena wakalimani: mfanyakazi kiziwi apewe simu, programu igeuze tangazo kuwa ishara, kazi iendelee. Napinga. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili wala Kiingereza kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake: nyusi huuliza, kichwa hukanusha, na upande ambao mkono unaelekea huonyesha nani kamtendea nani. Programu inayofuata mpangilio wa maandishi huyaacha hayo yote. Chukua onyo la karakana ya Barabara ya Lunga Lunga, huko huko Industrial Area: “usiguse msumeno kabla haujasimama”. Kanusho likipotea, vidole vya mtu vimekwenda.

Teknolojia siikatai. Programu ya Terp 360, iliyobuniwa hapa Kenya, hutumia miondoko iliyorekodiwa kwa watu halisi, na juhudi hiyo naiheshimu. Lakini kugeuza maandishi kuwa ishara ni kupeleka ujumbe upande mmoja. Kiziwi aliyeona kinga ya mashine imelegea atamwambiaje msimamizi? Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa rasmi Bungeni. Basi mwajiri ana sababu gani ya kumnyima mfanyakazi wake mkalimani siku ya mafunzo ya usalama?