Simba imekosea wapi? Na Mwadui je?

Naandika kutoka Kishapu, kwenye pamba, mtama na almasi.

Oktoba 30, 2019 Mwadui FC, timu ya wilaya hii hii, iliifunga Simba 1-0 pale Kambarage, Shinyanga mjini. Simba alikuwa bingwa mtetezi na hajapoteza mechi msimu ule. Mjadala niliousikia redioni baada ya hapo ulikuwa mmoja tu: Simba imekosea wapi? Hakuna niliyemsikia akiuliza Mwadui imepatia wapi.

Hapo ndipo ninapogombana na redio zetu za michezo.

Historia yake tunaijua. Kwa miaka mingi ilikuwa RTD peke yake. Mtangazaji wa mpira alikuwa ndiye macho yako: anakwambia mpira uko upande gani, nani anao, timu ipi inashambulia goli la kusini. Hukuhitaji kufika Dar kuujua uwanja. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua milango kwa watu binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 Mwanza ikatoa Radio Free Africa, iliyosikika nchi nzima. Baadaye E-FM ilipoanza Dar mwaka 2014, ikaonyesha kwamba michezo inaweza kuibeba redio kibiashara.

Kwa hiyo mitambo tunayo, na vipaji tunavyo. Tatizo ni nani anazungumzwa.

Angalia ukanda wetu huu. Stand United, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu 2014. Septemba 2018 Alex Kitenge aliipiga Yanga mabao matatu peke yake Dar, ingawa Stand walilala 4-3. Januari 2019 wakaifunga Yanga 1-0 Kambarage. Msimu huohuo wakashuka daraja. Mwadui ilipanda 2015, ikashuka 2021. Geita Gold ikapanda 2021, na msimu wake wa kwanza George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akampita Mayele wa Yanga. Mwaka 2024 nayo ikashuka.

Timu tatu, miaka kumi, zote zinatoka kwenye dhahabu na almasi!

Sisemi redio ndiyo iliyozishusha. Zilishushwa na ukata na migogoro ya ndani. Lakini mdhamini anaweka pesa pale jina linapotajwa. Timu inayosikika siku mbili tu kwa mwaka, ya Simba na ya Yanga, itamwuzia nani tangazo? Na viongozi wakigombania timu, nani atawahoji kama kipaza sauti kiko Kariakoo?

Najua mtasema redio ni biashara, na wasikilizaji wengi ni wa Simba na Yanga. Sawa. Hata mimi nina timu yangu Dar, msiniulize. Lakini mechi hizo anazo kila mtu, na Azam tangu 2021 wana mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuionyesha ligi. Redio ya mkoani itashindana nao kwa lipi? Kitu pekee ambacho Dar hawawezi kukufanyia ni kufuatilia mazoezi ya Mwadui Jumanne.

Pendekezo langu ni dogo. Sheria ya madini inataka migodi ikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu miradi ya jamii. Tunajenga madarasa na zahanati, vizuri sana. Hebu sehemu kidogo ilipie mwandishi mmoja wa michezo kila wilaya, Kishapu, Kahama, Geita, mwenye simu na nauli, na habari zake zitumiwe na redio yoyote ya kanda inayozitaka. Masharti yawe mawili: mgodi usimchagulie cha kusema, na halmashauri pia isimchagulie.

Mnasemaje wadau? Au tusubiri mpaka Simba ifungwe tena ndiyo tukumbukwe?